Risasi Baridi: Bunduki ya Mulio Inaumiza Namna Gani?

Labda umekwisha kuona bunduki inayopigwa kwa mulio tu. Askari wanapiga hivyo juu ya kaburi la mwenzao, kusudi wamuheshimu. Mwamuzi wa mbio anapiga bastola ndogo, na wakimbiaji wanaondoka. Katika sinema watu wanapigana kwa bunduki muchana wote, na jioni wote wanarudi nyumbani kula. Kwa sababu hiyo wengi wanafikiri kama bunduki ya namna hii ni kitu cha kuchezea. Wanasema: "Haina risasi. Itamuumiza nani?"

Wanganga wamejibu neno hili kwa kazi ya miaka mingi. Wamepima vidonda, wamefungua miili ya watu waliokufa, tena wamepiga bunduki hizi mbele ya ngozi ya nguruwe na mbele ya vipande vya sabuni, ili waone nguvu yake. Jibu lao ni kama bunduki ya mulio inaweza kuvunja mufupa, kupofusha jicho, na kuua mutu. Hapa tutaeleza inafanya hivyo namna gani, na mutu akiumizwa nayo afanyiwe nini.

Kilicho ndani ya kartushi

Kartushi ya kweli ina vitu vine. Kuna ganda la shaba. Chini yake kuna fataki, ndiyo inayowaka ikigongwa. Ndani kuna baruti. Na mbele kuna risasi yenyewe, kile kipande kizito kinachoruka. Sasa chukua risasi baridi, kama watu wanavyoiita. Ganda limo, fataki imo, baruti imo. Kitu kinachokosa ni kile cha nne tu. Pahali pa risasi watengenezaji wanakunja mudomo wa ganda, ao wanaziba kwa kizibo cha karatasi ao cha plastiki, kusudi baruti isimwagike.

Mutu akifyatua, baruti inawaka kwa muda mufupi kuliko kupepesa jicho. Inageuka kuwa hewa yenye joto la kupita digrii 1000. Hewa hii inataka pahali pakubwa sana kuliko ganda, lakini ganda na bomba la bunduki ni chuma, hayapanuki. Njia ya kutoka ni moja tu, ni mudomo wa bunduki. Kwa hiyo inatoka kwa haraka kupita sauti, na inasukuma mbele yake kizibo, masizi, na punje za baruti zisizoungua. Mulio unaousikia ni hewa ile ikitoka.

Pengine utasema: hewa ni hewa tu. Lakini mama anayepika anajua namna mvuke unavyoinua kifuniko cha sufuria, na sufuria haina baruti.

Kuna neno moja la kushika sana hapa, nalo ni umbali. Wewe umekwisha kupuliza moto jikoni. Ukiinama karibu, majivu yanaruka. Ukisimama hatua tatu mbali, hata jani kavu halitikisiki. Hewa ya baruti ni vilevile. Ikitoka inatawanyika upesi. Kama mudomo wa bunduki umegusa ngozi, hewa haipati pahali pa kutawanyika, inaingia yote ndani ya mwili. Kwa umbali wa kiganja cha mukono inaunguza, pengine inapasua ngozi, na jicho linaweza kupotea. Mita chache mbele nguvu yake nyingi imekwisha, ijapokuwa punje na vipande vya kizibo bado vinaweza kuumiza macho. Ndiyo sababu askari wanaojifunza vita kwa risasi baridi wanakatazwa kuelekeza bunduki kwa mwenzao aliye karibu.

Tusisahau gobori, ile bunduki ya zamani inayojazwa baruti kwa mudomo wake. Pahali pengine watu wanaipiga kwa baruti tupu wakati wa matanga ao sikukuu. Wanashindilia kitambaa ao nyuzi za majani juu ya baruti. Kitambaa kile ni kizibo. Kinaruka kama kizibo kingine chochote, tena kinaruka kikiwaka moto. Na kwa gobori hakuna kiwanda kilichopima baruti. Mwenye bunduki anapima kwa mukono, na katika furaha ao huzuni mukono unazidisha. Wakati mwingine bomba lenyewe linapasuka, na vidole vya mupigaji vinakwenda nalo.

Kijana aliyecheza na bastola

Tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1984, kule Los Angeles katika inchi ya Marekani, mucheza sinema mumoja, jina lake Jon-Erik Hexum, alikuwa akingoja kazi ianze tena. Alikuwa na miaka 26. Kazi ilikawia, naye akachukua bastola kubwa ya muchezo wao, yenye risasi baridi. Kwa mzaha akaigusisha pembeni mwa kichwa chake, akafyatua.

Hakuna risasi iliyotoka, kwani haikuwamo. Lakini nguvu ya kizibo na hewa ilivunja kipande cha mufupa wa kichwa, ukubwa wake kama feza ya chuma, na kukisukuma ndani ya ubongo. Wanganga walimupasua kwa saa tano. Siku ya 18 ya mwezi ule wakatangaza kama ubongo wake umekufa. Mama yake alikubali viungo vyake vipewe wagonjwa wengine, na moyo wake ukawekwa katika kifua cha mutu mumoja wa Las Vegas.

Fikiri kidogo juu ya jambo hili. Mufupa wa kijana mwenyewe ndio uliokuwa risasi. Pale alipogusisha bastola, kati ya jicho na sikio, mufupa ni mwembamba kuliko pahali pengine pa kichwa. Kwa watoto ni mwembamba zaidi. Vilevile shingo haina mufupa mbele wa kuikinga, na mishipa mikubwa ya damu inapita karibu na ngozi. Kati ya mbavu na mbavu kuna nyama tu, na moyo uko nyuma yake. Wanganga wa Ujerumani wameandika habari za watu waliokufa kwa hewa ya bastola ya mulio iliyowagusa kwenye kichwa, kwenye shingo ao kwenye kifua.

Yule wa pili, ambaye wengi wanajua jina la baba yake, ni Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee. Alikufa tarehe 31 mwezi wa 3 mwaka 1993 katika muji wa Wilmington, North Carolina, akiwa na miaka 28. Habari yake ni ya namna nyingine, nayo inafundisha. Wafanyakazi wa sinema walikuwa wametengeneza kartushi za kuonyesha tu: waliondoa baruti, wakarudisha risasi mbele, lakini fataki ilibaki chini. Siku moja bastola ilifyatuliwa na kartushi ya namna hii ndani. Fataki peke yake ilikuwa na nguvu ya kusukuma risasi katika bomba, lakini si ya kuitoa inje. Risasi ikakwama pale, na hakuna mutu aliyechungulia. Halafu wakatia risasi baridi katika bastola ileile kwa ajili ya muchezo mwingine. Mwenzake akafyatua, baruti ikaisukuma risasi iliyokwama, nayo ikamuingia Lee katika tumbo. Wanganga walipigania maisha yake kwa saa nyingi, lakini alikufa siku ileile.

Basi mutu akikuambia, "bunduki hii ina risasi baridi tu," anakuambia anachofikiri. Hajakuambia kilicho ndani ya bomba.

Kidonda kidogo inje, kikubwa ndani

Mugonjwa wa namna hii anaweza kukudanganya macho. Katika ngozi unaona tundu dogo jeusi, pengine lenye pembe kama nyota. Damu ni kidogo. Yeye mwenyewe anasema si kitu, anataka kurudi nyumbani. Lakini ndani hewa imetenga ngozi na nyama, imefanya kama mufuko, na mufuko ule umejaa masizi, vipande vya kizibo na nyama iliyoungua. Katika mukono hewa inafuata njia za mishipa na kufika mbali na tundu. Kidole kikikosa nguvu, ao kikiwa na ganzi, kuna kitu kilichokatika.

Tena picha ya radio haitoshi hapa. Chuma kinaonekana katika picha, lakini karatasi na plastiki hazionekani. Muuguzi akitazama picha na kusema "hakuna kitu," amesema kweli juu ya chuma tu. Munganga hana budi kufungua kidonda na kutafuta kwa macho yake.

Masikio nayo yanaumia. Mulio wa bastola hizi karibu na sikio unapita desibeli 140, na kiasi hicho kinaweza kuharibu usikivu kwa mara moja tu. Mutu akisikia kengele katika masikio siku nyingi baada ya mulio, aje apimwe.

Munganga wa sheria anatafuta nini?

Kuna wanganga ambao kazi yao ni kusaidia waamuzi. Mutu akiumizwa ao akifa, wanauliza: kidonda hiki kimefanywa na nini, na kwa umbali gani? Kwa bunduki ya mulio kazi yao ni ngumu kidogo, kwani hakuna risasi ya kuokota. Kidonda kina mulango wa kuingia na hakina mulango wa kutokea, na ndani hamuna chuma. Mutu asiyejua anaweza kusema amechomwa na kisu ao na musumari.

Kwanza wanatazama ngozi. Kama mudomo wa bunduki uligusa, mara nyingi unaacha chapa yake, duara kama muhuri juu ya karatasi. Halafu wanatazama masizi. Masizi ya juu yanafutika kwa kitambaa chenye maji. Lakini punje za baruti zilizochoma ngozi hazifutiki. Zinabaki kama chanjo nyeusi. Punje zikitawanyika kuzunguka tundu, bunduki ilikuwa mbali kidogo. Masizi yakiwa yote ndani na ngozi ya inje ikiwa safi, ilikuwa imegusa.

Kisha wanatazama rangi ya nyama. Hapa nitaeleza kwa mufano wa nyumbani. Mutu akilala katika chumba kilichofungwa pamoja na mbabula ya makala, hewa yenye sumu inashika damu yake, na damu inakuwa nyekundu ya kung'aa. Baruti ikiungua inatoa hewa ileile. Ikiingia katika kidonda, nyama ya pale inageuka nyekundu nzuri, kuliko nyama iliyo kando yake. Rangi hiyo inashuhudia kama baruti iliungua pale pale.

Mwisho wanachukua bunduki yenyewe na kartushi za namna ileile. Wanapiga mbele ya kitambaa cheupe: kwanza kwa kugusa, tena kwa mbali kidogo, tena kwa mbali zaidi. Wanapanga vitambaa na kuvilinganisha na nguo ya mutu aliyeumizwa. Kwa njia hii mutu aliyesema "nilikuwa mbali naye, nilipiga juu tu" anaweza kuonekana kama amesema kweli ao amesema uongo. Mara nyingine kitambaa kimemwokoa mutu asiye na kosa. Lakini nguo ikifuliwa, ushuhuda wote umekwenda na maji. Mama wengi, kwa upendo wao, wanafua nguo ya mutoto kabla ya jambo lingine lolote. Mama, usiifue. Iache ikauke, itie katika mufuko wa karatasi, umupe polisi ao munganga. Katika plastiki nguo yenye damu inaoza.

Serikali nyingine zimeona hatari hii na kuweka sheria. Katika Ujerumani bastola za mulio zinazouzwa ziwe na alama ya herufi PTB, maana yake zimepimwa, na tangu mwaka 2003 mutu haruhusiwi kutembea nayo katika njia bila hati ya serikali. Katika Uingereza, mwaka 2025, polisi waliomba watu warudishe namna fulani za bastola za mulio kutoka Uturuki, kwa sababu wahalifu walikuwa wakizigeuza kupiga risasi za kweli.

Ugonjwa unaokuja nyuma

Sasa tunafika pahali ambapo hospitali inaogopa zaidi, na wengi hawapafikirii.

Watu wa Marekani wanafanya sikukuu ya uhuru wao kila tarehe 4 ya mwezi wa 7. Zamani vijana walikuwa wakinunua bastola ndogo za mulio na kuzipiga siku ile yote. Wengi waliumia katika kiganja cha mukono, tundu dogo tu. Mama alifunga kitambaa, kijana akarudi kucheza. Karibu juma moja nyuma, taya lilianza kukaza. Mwaka 1903 gazeti la wanganga wa Marekani lilianza kuhesabu. Baada ya sikukuu ya mwaka ule mumoja watu 406 walikufa kwa tetanosi, ile inayoitwa pepopunda katika inchi za mashariki. Wengi sana kati yao walikuwa wameumizwa na risasi baridi.

Kwa nini? Vijidudu vya tetanosi vinakaa katika udongo na mavi ya wanyama, na mikono ya watoto haikosi udongo. Vijidudu hivi havipendi hewa safi. Vinapenda kidonda chembamba, chenye kina, chenye nyama iliyokufa, na kitu kichafu ndani yake. Mutu akitaka kuvitengenezea nyumba, hawezi kutengeneza nyumba nzuri kuliko kidonda cha risasi baridi: tundu linajifunga upesi juu, kizibo kimebaki chini, na nyama imeungua pande zote.

Wanganga wa Marekani walipoona hesabu ile, waliacha kufunga vidonda hivi. Walivifungua, wakaviosha mpaka chini, na kupiga shindano ya dawa ya tetanosi iliyotengenezwa kwa damu ya farasi. Miji mingi ilikataza bastola zile zisiuzwe. Hesabu ikapungua mwaka kwa mwaka, na kufika mwaka 1912 waliokufa hivyo walikuwa wachache sana. Tangu wakati ule tumepata chanjo, iliyo bora kuliko dawa ya farasi, kwani inakinga mutu kabla hajaumia. Watoto wetu wa Kongo wanaipata wakiwa na majuma 6, 10 na 14, na mama wenye mimba wanaipata pia.

Mutu akiumizwa

Kwanza uiweke bunduki mbali, na mudomo wake uelekee pasipo watu. Usijaribu kuona kama kuna kartushi nyingine ndani ikiwa hujui kazi hiyo.

Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi. Kama ni mukono ao muguu, uinue. Kidonda kidogo kikiwa cha kichwa, cha shingo, cha kifua ao cha tumbo, usingoje hata kidogo kuona kama atapata nafuu. Muchukue hospitali saa ileile, hata akitembea na kuzungumuza vizuri. Jicho lililoumia usilisugue na usilikandamize; lifunike kwa kitu kisichogusa jicho lenyewe, kama kikombe cha karatasi. Lakini masizi ya baruti yakiingia katika jicho lisilo na kidonda, ulioshe kwa maji safi mengi, kisha umulete.

Usitie majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala majani yaliyotwangwa, wala mafuta. Tunajua muzee wa kijiji anaweza kukuambia mambo haya kwa moyo mwema. Kwa kidonda hiki ni kama kumuongezea tetanosi chakula. Usijaribu pia kuchimba kizibo kwa sindano ao kwa kisu.

Tukimupokea, usishangae tukikataa kushona. Watu wengine wanakasirika: "Munganga amemuacha mutoto wangu na kidonda wazi!" Ndiyo, tumekiacha wazi kwa kusudi. Tumekata nyama iliyokufa, tumeosha kwa maji mengi, na tunataka hewa iingie. Baada ya siku chache, kikiwa safi na chekundu, tutaweza kukifunga. Tutauliza tena juu ya chanjo: alipata lini, mara ngapi? Leta karatasi yake kama unayo. Asiyepata chanjo vizuri atapigwa shindano mbili siku ile, moja ya chanjo na moja ya kinga ya upesi.

Kisha angalia siku. Tetanosi inaanza mara nyingi karibu siku ya 8, lakini inaweza kuanza siku ya 3 ao kukawia hata siku ya 21, wakati kidonda kimekwisha kupona na watu wamesahau. Mugonjwa anashindwa kufungua kinywa vizuri. Anameza kwa shida. Shingo linakaza, halafu mugongo, na kelele kidogo ya mulango inamushitusha mwili wote. Ukiona taya linakaza, usingoje shingo. Mulete usiku huohuo.

Na yule aliyepata chanjo ya kwanza siku ya kuumia bado hajamaliza. Chanjo ya pili ni baada ya majuma 4, na ya tatu ni miezi 6 baada ya ile ya pili. Tarehe zote mbili zimeandikwa katika karatasi aliyopewa mulangoni.